Wafanyabiashara wa Tehran na kutaifishwa kwa mafuta ya Iran: maswali ninayoulizwa kila siku hapa Mwanga, Kigoma

Mimi nauza mawese na dagaa soko la Mwanga, na kijiwe chetu cha kahawa kiko ubavuni mwa duka langu, kwa hiyo hata nisipotaka kusikia nasikia. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, wale wasimamizi wa nishati, wakitangaza bei ya petroli lazima atokee mtu aseme serikali ichukue tu hiyo biashara yote tupumzike. Siku moja nikaropoka kwamba jamani iko nchi ambayo wafanyabiashara wenyewe walifunga maduka ili mafuta yachukuliwe na serikali, tena sio makabwela, wenye mazulia na sukari zao. Toka hapo sina amani, nikipandisha tu shata mtu kashafika na swali. Basi nimeyajibu hapa yote, ukija dukani uje kununua.

Ni nchi gani hiyo na ilikua lini?

Iran, wazee wetu walikua wanaita Uajemi. Bunge lao lilipitisha kutaifisha mafuta tarehe 15 Machi 1951, seneti ikamalizia tarehe 20, siku za mwisho kabisa za mwaka wao, yani sikukuu ya mwaka mpya iko mlangoni, ile ambayo pwani yetu inajulikana kama Nairuzi. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, Mohammad Mosaddegh akawa waziri mkuu. Mzee wa watu, mwanasheria, kazi nyingi alifanyia kitandani sababu ya afya, na kulia machozi hadharani kwake ilikua kawaida.

Kampuni ya mafuta ya Waingereza, Anglo-Iranian, iliwafanyia nini mpaka wachukiwe vile?

Kwanza mkataba. Mwaka 1901 mfalme wao alimpa Mwingereza mmoja, William Knox D'Arcy, haki ya kutafuta mafuta karibu nchi nzima ukitoa mikoa mitano ya kaskazini, kwa miaka 60. Mfalme akapata pauni 20,000 taslimu, hisa za pauni 20,000 zingine, na nchi ikaahidiwa asilimia 16 ya faida. Mafuta yalipatikana 1908 pale Masjed Soleyman, na 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi kuliko wote, asilimia 51, sababu manowari zao zilikua zinaacha makaa ya mawe zinahamia mafuta.

Sasa hiyo asilimia 16 ya faida ndo penye ugomvi. Chukulia mimi nina michikichi kule Mwandiga, nakuachia uvune, ukamue, usafirishe, uuze, halafu mwisho wa mwaka unaniambia faida ilikua kiasi hiki na changu ndo hiki. Daftari liko kwako, sio tu kwako, liko London, na nikitaka kulifungua unaniambia hesabu ni siri ya kampuni. Ndugu zako na rafiki zako umewauzia kwa bei ya chee, na faida ikipungua fungu langu nalo linapungua. Kila mfanyabiashara wa soko lolote duniani anaelewa huo mchezo bila kusomeshwa. Mwaka 1933 mkataba ukafanyiwa marekebisho, ila badala ya kwisha 1961 ukasogezwa mpaka 1993. Na kufikia 1950 hazina ya Uingereza ilikua inapata kwenye kodi ya kampuni hiyo hela nyingi kuliko Iran inazopata kama mwenye mafuta.

Alafu Desemba mwaka huohuo wa 1950 jirani yao Saudia kapewa na Wamarekani faida ya mafuta nusu kwa nusu. Hapo ndo ikawa basi tena.

Mtu anauza mazulia, mafuta yanamhusu nini?

Hili ndo swali ninalolipenda, na wengi wanajibu haraka haraka "uzalendo" wanamaliza. Uzalendo upo sikatai, na dini ipo, maana soko la Tehran na msikiti ni kama chanda na pete, Ayatollah Kashani alikua anasikilizwa sana na watu wa soko na yeye alishasema mafuta yarudi. Ila kuna hesabu ya dukani pia.

Soko kuu la Tehran sio kama Mwanga yetu. Ni mji ndani ya mji, vichochoro vimeezekwa juu, kilomita na kilomita, mtaa wa sonara, mtaa wa vitambaa, mtaa wa viungo, na ndani yake kuna masarafu wanaobadilisha hela na kukopesha kwa karatasi na kwa kuaminiana, mfumo ambao sisi tunaotuma mzigo Kalemie na Bujumbura tunaujua vizuri, unampigia mtu simu mzigo unatoka na hela inakuja baadae. Sasa toka 1889 Waingereza walikua na benki yao pale, Imperial Bank of Persia, na kwa miaka mingi ndo hiyo ilikua na haki ya kuchapa noti za nchi. Benki ya mgeni inachapa noti! Sarafu wa soko anakopesha kwa jina lake, mwenzake anakopesha kwa mashine. Kwa hiyo mtu wa soko akisikia "Mwingereza" haoni kisima cha mafuta huko kusini kwenye joto, anaona benki, anaona mwenye kujua pauni itapanda lini, anaona meneja anayeongea na waziri wakati yeye kasimama nje.

Na kampuni ya mafuta ilikua kama serikali ndani ya serikali. Abadan ilikua na mtambo wa kusafisha mafuta mkubwa kuliko yote duniani kwa wakati ule, ina maduka yake, polisi wake, nyumba nzuri za Wazungu na upande wa pili vibanda vya wafanyakazi, mtaa mmoja ulikua unaitwa Kaghazabad, yani mji wa makaratasi. Hela iliyokua inatoka pale haikupita sokoni. Ukimwambia mtu wa soko mafuta yakiwa ya serikali hela itazunguka hapa ndani, anakuelewa mara moja.

(Kidogo tu nje ya mada: hili neno letu tajiri, asili yake maana yake ni mfanyabiashara. Sisi ndo tumeligeuza kuwa mtu mwenye hela. Na bandari ni neno la Kiajemi, na serikali vilevile. Mzee mmoja kijiweni aliposikia serikali ni neno la kuja akasema sasa ameelewa mambo mengi.)

Waliunga mkono kwa mdomo au kwa vitendo?

Vitendo, na sana. Silaha yao ya kwanza ni kufuli. Watu mliona Kariakoo Mei 2023 maduka yalivyofungwa mpaka waziri mkuu akaja kukaa na wafanyabiashara, basi chukua ile halafu zidisha, sababu Tehran ya wakati ule soko kuu likifunga mji hauli. Hakuna sukari, hakuna kitambaa, hakuna mkopo, vijana wa dukani wote wako mitaani na hawana pa kwenda isipokua bungeni kupiga kelele.

Mfano mzuri ni Julai 1952. Mosaddegh aligombana na mfalme, Shah, nani awe na wizara ya vita, akajiuzulu, akawekwa Qavam. Soko likafunga. Tarehe 21 watu wakamwagika barabarani, jeshi likapiga risasi, wakafa watu wengi, na jioni hiyohiyo Qavam kaondoka, Mosaddegh karudi. Kesho yake, tarehe 22, mahakama ya kimataifa ya The Hague ikasema haina mamlaka juu ya kesi ya Waingereza ya kupinga kutaifishwa. Siku mbili hizo Wairani wanazikumbuka mpaka leo.

Silaha ya pili hela. Mafuta yalipogoma kuuzika serikali ilikauka, ikatoa bondi za mkopo wa taifa, mwananchi anaikopesha serikali yake, na watu wa soko wakanunua kwa wingi. Kuna mzee mmoja anaitwa Hassan Shamshiri, alikua na mgahawa wa wali na mishkaki karibu na soko kuu, wali mweupe na siagi juu na nyama ya kuchoma, maarufu Tehran nzima. Huyu alikua mtu wa Mosaddegh damu damu, akanunua bondi nyingi. Mimi nikisoma habari zake namuona kabisa na taulo begani, mkono mmoja unapepea mkaa mkono mwingine unahesabu noti za kuipa serikali. Baada ya mambo kuharibika wakamkamata wakampeleka kisiwa cha Kharg. Muuza mishkaki!

Ya tatu ni mpangilio. Mosaddegh chama chake, National Front kilichoanzishwa 1949, kilikua mkusanyiko tu wa vikundi, hakina matawi ya maana. Wenye chama cha soko, jumuiya ya wafanyabiashara na mafundi, ndo walikua wanajua nani ni nani kila kichochoro, nani atafunga leo nani anasitasita, nani apelekewe mzee wa kumsemesha.

Huo ujanja wa kufunga maduka walijifunza wapi?

Waliurithi. Mwaka 1890 Shah wa wakati huo alimpa Mwingereza, Meja Talbot, biashara yote ya tumbaku, kununua, kuuza ndani, kusafirisha. Wafanyabiashara wa tumbaku wakafunga, na Desemba 1891 ikatoka fatwa kwa jina la Mirza Hasan Shirazi kwamba kuvuta ni haramu. Nchi nzima ikaacha buruma, inasimuliwa mpaka wake za mfalme ndani ya jumba walikataa. Januari 1892 mkataba ukafutwa. Watu wa Tabora wanaolima tumbaku nadhani wanalisikia hili vizuri zaidi yangu.

Desemba 1905 gavana wa Tehran aliwachapa nyayo wafanyabiashara wa sukari eti wamepandisha bei. Mmoja wao, mzee wa watu, anajitetea kwamba bei imepanda sababu ya machafuko ya Urusi, sukari inatokea huko, wapi. Soko likafunga, mambo yakakua, na kiangazi cha 1906 watu kama 14,000, wafanyabiashara, mafundi, wanafunzi wa dini, wakaenda kukaa kwenye bustani ya ubalozi, kila chama cha ufundi na hema lake, masufuria makubwa ya wali yanachemka kutwa, gharama za wenye maduka. Wakapata katiba na bunge. Ubalozi wa nani? Wa Uingereza. Ndo ujue siasa haina adui wa kudumu, miaka 45 baadae bunge hilohilo ndo likamfukuzia Mwingereza mafuta.

Je, wafanyabiashara wote walikua upande mmoja?

Hapana bhana. Wakubwa wenye uhusiano na ikulu au wenye mawakala London walikua wanatazama upepo. Walioshikilia kweli ni wa kati na wadogo.

Na kulikua na watu wa hatari pia, tusipambe. Waziri mkuu Razmara, aliyekua anapinga kutaifisha, aliuawa kwa risasi tarehe 7 Machi 1951 msikitini, na aliyempiga ni fundi seremala wa Fada'iyan, kikundi cha dini cha siasa kali. Siku nane baadae bunge likapitisha. Sasa useme bunge lilipiga kura kwa moyo mweupe au na hofu nayo ilikuwemo, mimi naona vyote viwili.

Waingereza walikaa kimya?

Wapi. Walizuia meli zisinunue, meli iitwayo Rose Mary ilibeba mafuta ya Iran ikaishia kushikwa Aden 1952. Wafanyakazi wao wakaondoka Abadan Oktoba 1951. Hela za Iran zilizokua London zikabanwa, na wakakataza sukari na chuma kupelekwa Iran, na Muajemi bila sukari kwenye chai ni kama Muha bila dagaa.

Hapa soko likagawanyika kimya kimya na hili watu hawalisemi sana. Hela yao rial ilishuka thamani, kwa hiyo anayeuza nje mazulia, matunda makavu, njugu, akawa anapata, kila dola inaleta rial nyingi. Anayeagiza nje akawa analia, serikali imebana vibali vya kuagiza, bidhaa hamna. Nimeona hivyohivyo hapa, faranga ya Congo ikicheza mmoja wetu anacheka na jirani yake mlango wa pili anafunga mapema, na wote jana walikua upande mmoja.

Kwa hiyo hawa walikua wajamaa?

Hata kidogo! Na hili ndo jibu langu kwa wale wa Jumatano ya kwanza. Serikali ya Mosaddegh ilipotaka kushusha bei ya chakula ikaja na wazo la kufungua viwanda vya mikate vya serikali. Watu wa soko walewale, waliofunga maduka kwa ajili ya mafuta, wakaja juu, serikali inaingiliaje biashara huru? Mafuta sawa, mkate hapana. Na Kashani safari hii alikua nyuma yao, maana yeye na Mosaddegh walishaanza kugombana, na mwanzoni mwa 1953 wakaachana kabisa kuhusu mamlaka ya dharura aliyotaka waziri mkuu.

Nikisema hivi vijana wananiambia hao wanafiki. Mimi siwaiti wanafiki. Babu yangu alikua na duka Ujiji, sukari, sabuni, chumvi ya Uvinza, mafuta ya taa kwa kibaba. Azimio la Arusha lilipotoka Februari 1967 na mabenki yakataifishwa kesho yake, anasema baba, babu alishangilia mpaka akachinja mbuzi, sababu benki haijawahi kumkopesha hata senti. Alafu ikaja Operesheni Maduka, 1976, maduka binafsi yafungwe biashara ihamie ushirika, akaja bwana mmoja na daftari akahesabu kila kitu mpaka viberiti. Babu hakusema neno, ila mizani aliificha chini ya kitanda. Mawe yake ya mizani mimi ninayo, hata leo napimia dagaa. Babu aliyechinja mbuzi na babu aliyeficha mizani ni mtu mmoja, na hakubadilisha mawazo hata siku moja: alitaka mkubwa asiyeshikika ashikwe, na yeye aachwe auze chumvi yake. Watu wa Tehran walikua hivyohivyo, soko lao liliunga mkono kumtoa Mwingereza, halikusaini kuwa na serikali kama jirani wa dukani.

Iliishaje?

Kwa mapinduzi, tarehe 19 Agosti 1953. Marekani na Uingereza walishirikiana, mtu wa CIA pale alikua Kermit Roosevelt, na 2013 CIA wenyewe walitoa nyaraka wakikubali. Jaribio la kwanza tarehe 15 usiku lilifeli, Shah akakimbilia Baghdad mpaka Roma, la pili likafaulu kwa jeshi na makundi ya watu waliolipwa. Kama Kashani na soko lote wangekua bado wako na mzee kama Julai 1952 sijui ingekuaje, ila hawakua.

Soko lilijaribu kugoma tena Novemba mwaka huo. Serikali mpya ikatuma askari, na sehemu ya paa la soko ikabomolewa. Fikiria duka lako juu jua linaingia, sio mvua sio moto, ni serikali imekutoboa.

Mosaddegh alifungwa miaka mitatu, alafu akazuiwa kijijini kwake Ahmadabad mpaka kufa, tarehe 5 Machi 1967, mwezi mmoja kamili baada ya Azimio letu.

Iran ndo walikua wa kwanza kutaifisha mafuta?

Hapana, Meksiko walishafanya 18 Machi 1938 chini ya rais Lázaro Cárdenas, na watu walipanga foleni kuchangia fidia, wanawake wanaleta pete za ndoa, wengine kuku. Kuku hai, kulipia visima vya mafuta.

Na mafuta yenyewe wakabaki nayo au walinyang'anywa?

Kwenye karatasi yalibaki ya Iran. Kwenye kazi, 1954 wakaja muungano wa makampuni: Waingereza asilimia 40, Wamarekani 40, Shell 14, Wafaransa 6, faida nusu kwa nusu na Iran. Nusu kwa nusu ileile waliyopata Saudia 1950, ambayo ikija mapema labda hakuna duka lingefungwa.

Ile kampuni ya Waingereza iko wapi sasa?

Labda umeshanunua mafuta yake. Anglo-Iranian Oil Company mwaka 1954 ilibadilisha jina ikawa British Petroleum, BP, mabango ya kijani na njano tuliyoyakuta barabarani toka tuko wadogo. Hapa kwetu serikali ilikua na nusu ya BP Tanzania, na vituo vile baadae vikawa Puma, nusu bado ya serikali. Na Shell aliyepata 14 ndo huyohuyo ambaye kila kituo cha mafuta nchi hii, hata kiwe cha nani, tunakiita sheli. Jana dereva wa boti ya Kibirizi kaniachia dumu la lita ishirini dukani, anasema nimwangalizie anarudi, anakimbia sheli. Nikamuuliza sheli ipi, akasema ile ya Puma.